Handikapu ya Gofu na Uwanja Ambao Garissa Haina

Katika michezo mingi, mchezaji dhaifu akikutana na hodari, matokeo hujulikana kabla filimbi haijalia. Gofu imejitafutia njia nyingine. Karani wa benki aliyeshika fimbo mwaka jana anaweza kuingia uwanjani na mzee aliyecheza miaka thelathini, wakawania kombe moja siku moja, na yeyote kati yao akashinda kwa haki. Kinachowezesha hilo ni handikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo aliouonyesha kwenye kadi zake.

Watu wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hukutana na neno hilo kwenye taarifa za michezo, hasa Kenya Open inapofika, mashindano yaliyoanza mwaka 1967. Wengine hulisikia wanapoalikwa Nairobi kwenye gofu ya hisani na kuulizwa, "Handikapu yako ni ngapi?" Mtu huondoka akidhani ameulizwa cheo. Ukweli ni kwamba ameulizwa hesabu, na hesabu yenyewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Nitaieleza yote. Lakini nina hoja moja ambayo naomba msomaji aikumbuke njia nzima: handikapu humpima mtu juu ya uwanja ambao wenyewe umekwisha kupimwa. Pasipo na uwanja uliopimwa, hesabu haianzi, hata mchezaji awe na kipaji cha namna gani.

Hadi mwaka 2019 dunia ilikuwa na mifumo sita mikubwa ya handikapu. Marekani walikuwa na wao, Uingereza na Ireland wao, bara la Ulaya wao, Australia, Afrika Kusini na Argentina vivyo hivyo. Mchezaji mwenye handikapu 15 mahali pamoja hakuwa lazima sawa na mwenye 15 kwingine. Januari 2020 mamlaka mbili zinazosimamia sheria za gofu, R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, zilianzisha Mfumo wa Handikapu wa Dunia. Ndio unaotumika sasa Kenya pia, na ndio ninaoufafanua hapa.

Tuanze na uwanja. Wakadiriaji waliofunzwa hupita shimo kwa shimo wakiwa na chombo cha kupimia umbali. Wao hawaulizi kama pazuri. Huwaza wachezaji wawili wa kubuni. Wa kwanza ni fundi wa handikapu sifuri, ambaye pigo lake la kuanzia hufika yadi 250. Wa pili ni mchezaji wa kawaida mwenye handikapu ya karibu 20, ambaye pigo lake la kuanzia hufika yadi 200. Kwa wanawake umbali huo ni yadi 210 na 150, na uwanja hukadiriwa kando kwa ajili yao. Wakadiriaji hutazama mpira wa kila mmoja utaangukia wapi, kuna maji au banka la mchanga karibu, miti inabana kiasi gani, ardhi inapanda au inashuka, upepo unavuma vipi. Hata mwinuko kutoka usawa wa bahari huingizwa, kwa kuwa hewa nyepesi ya Nairobi au Limuru huurusha mpira mbali kuliko hewa ya Mombasa.

Kazi hiyo huzaa namba mbili. Ya kwanza ni kadirio la uwanja: mapigo ambayo fundi yule angetarajiwa kupiga siku yake nzuri, mathalani 71.2. Ya pili huitwa slopu, na ndiyo inayowachanganya watu wengi. Chukua mapigo anayotarajiwa kupiga yule mchezaji wa kawaida, tuseme 95.0. Toa 71.2, utabaki na 23.8. Zidisha kwa 5.381 ambayo ni namba ya wanaume, au 4.240 ikiwa ni ya wanawake. Kwa mwanamume unapata 128. Basi slopu haielezi ugumu wa uwanja kwa kila mtu. Inaeleza uwanja huo unamuumiza mchezaji wa kawaida kiasi gani zaidi ya unavyomuumiza fundi. Ya chini kabisa ni 55, ya juu 155, na ya wastani imewekwa 113. Wazo hili lilikuzwa na Dean Knuth, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa maoni yangu ndilo wazo zuri kuliko yote katika mfumo mzima. Kabla yake, handikapu ilidhani kwamba kikwazo kimoja humsumbua kila mtu sawasawa. Knuth alikataa. Mto unaopita yadi 180 mbele ya mahali pa kuanzia haumhusu anayepiga 250, lakini unammaliza anayepiga 170.

Sasa twende kwenye kadi. Chukua mwalimu wa kubuni kutoka Garissa anayejifunza gofu wakati wa likizo. Ili apewe handikapu anahitaji mashimo 54 tu, yaani raundi tatu kamili, au raundi sita za mashimo tisa. Lazima acheze kwa kufuata sheria, na lazima awe na mwenzake wa kushuhudia kadi. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa thamani ya shahidi. Mfumo mzima umeegemea hapo, maana hakuna refa anayemfuata mchezaji vichakani.

Raundi mbili anacheza kwenye uwanja wenye kadirio 71.2 na slopu 128, anapiga 104 na 101. Raundi ya tatu anaicheza kwenye uwanja wa pwani wenye kadirio 70.4 na slopu 119, anapiga 103. Kwa kila kadi tunatoa kadirio la uwanja kwenye mapigo yake, tunazidisha kwa 113, kisha tunagawanya kwa slopu. Kadi ya kwanza: 104 kutoa 71.2 ni 32.8, mara 113, gawanya kwa 128, unapata 29.0. Ya pili inatoa 26.3. Ya tatu, 103 kutoa 70.4 ni 32.6, mara 113, gawanya kwa 119, ni 31.0.

Tazama vizuri kilichotokea. Kadi ya 103 imeonekana mbovu kuliko kadi ya 104. Macho yanasema 103 ni bora, hesabu inasema hapana, kwa sababu ilipatikana mahali rahisi zaidi. Hapo ndipo uwanja unapoingia ndani ya mtu. Mapigo matupu, bila kusema yalipigwa wapi, hayana maana kubwa.

Kadi zikiwa tatu, mfumo huchukua ile bora, 26.3, na kuipunguza 2.0. Fahirisi ya handikapu ya mwalimu wetu ni 24.3. Akileta ya nne, makato yanakuwa 1.0, zikifika tano hakuna makato. Zikifika sita huchukuliwa wastani wa mbili bora, kutoa 1.0. Huendelea hivyo hadi kadi 20, ambapo kanuni kuu hushika: katika kadi 20 za karibuni chukua nane bora, tafuta wastani wake. Kila kadi mpya ikiingia, ya zamani kuliko zote inatoka. Ukomo wa fahirisi ni 54.0 kwa wanaume na wanawake, kiwango kilichowekwa juu makusudi ili anayeanza asione haya.

Kwa kuwa zinachukuliwa nane bora tu, handikapu haielezi unavyocheza kwa kawaida. Inaeleza unavyoweza kucheza siku ikikuendea vizuri. Mchezaji wa kweli huifikia handikapu yake kama raundi moja katika nne au tano. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba handikapu yao "imewaonea" kwa sababu wameshindwa kuifikia wiki tatu mfululizo. Haijawaonea. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Fahirisi ikishapatikana, mtu hutembea nayo, na kila uwanja huigeuza kuwa mapigo yake. Unazidisha fahirisi kwa slopu ya uwanja, unagawanya kwa 113, kisha unaongeza tofauti kati ya kadirio la uwanja na paa, yaani mapigo ya kawaida yaliyoandikwa kwa uwanja huo. Kwenye ule wa kwanza wenye paa 72, mwalimu wetu wa 24.3 anapewa mapigo 27. Kule pwani, paa ikiwa 71, anapewa 25. Akienda kwenye uwanja mfupi tambarare wenye slopu 95, kadirio 66.0 na paa 68, anapewa 18 tu. Mtu ni yuleyule, uwezo ni uleule. Mashindano ya mapigo ya mtu mmojammoja huchukua asilimia 95 ya idadi hiyo kabla haijafanywa namba nzima, hivyo 27 yake inakuwa 25 siku ya kombe. Mapigo yote aliyopiga huitwa grosi. Ukitoa ya handikapu unapata neti, na neti ndiyo inayoshindaniwa.

Mapigo hayo hayamwagwi ovyo. Kila shimo lina namba ya ugumu, 1 hadi 18. Mwenye 27 hupata pigo moja kila shimo, na la pili kwenye mashimo tisa magumu zaidi. Kutokana na hapo kuna kanuni inayookoa watu wengi: kwa ajili ya handikapu, shimo moja haliwezi kuandikwa zaidi ya paa, ongeza mbili, ongeza mapigo unayopewa hapo. Ukiharibu shimo gumu la paa 4 ukapiga 11, na wewe unapewa mawili pale, kadi yako ya handikapu inasoma 8. Anayeanza, ambaye hana fahirisi bado, huandikiwa hadi paa na tano. Shimo moja la balaa halimpi mtu sura ambayo si yake. Kwa moyo huohuo daktari Mwingereza, Frank Stableford, alibuni hesabu ya pointi ambayo klabu nyingi za Kenya huipenda leo: neti ikilingana na paa unapata pointi mbili, na raundi ya pointi 36 maana yake umecheza sawa na handikapu yako.

Mfumo huu pia una kinga dhidi ya hila. Wapo wachezaji wanaoleta kadi mbaya tu ili handikapu yao ibaki juu, wavune zawadi siku ya mashindano makubwa. Dhidi yao kuna breki: fahirisi ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa ya miezi kumi na miwili iliyopita, kinachozidi hukatwa nusu. Na haiwezi kupanda zaidi ya 5.0. Kadi ikiwa bora kuliko fahirisi kwa 7.0, fahirisi hushushwa 1.0 ya ziada, kwa 10.0, hushushwa 2.0. Hata hali ya hewa huangaliwa. Zikiletwa kadi nane au zaidi siku moja, na karibu wote wakawa wamecheza vibaya au vizuri kupita kawaida, hesabu husahihishwa. Lakini nasema wazi: breki hizi hazitoshi pale ambapo watu hawataki kuwa wakweli. Kamati ya handikapu ya klabu inayowajua watu wake hufanya kazi ambayo kompyuta haiwezi.

Hapo hesabu imekwisha. Sasa tuitazame Garissa.

Ramani ya gofu ya Kenya ilifuata reli na mashamba ya walowezi: Mombasa, Nairobi ambako klabu ya kwanza ilianza mwaka 1906, Nakuru, Kisumu, kisha Thika, Nanyuki, Kericho. Kaskazini Mashariki ilikuwa upande wa pili wa mstari. Tangu sheria ya 1902 iliyotenga wilaya za mbali, eneo lililoitwa Northern Frontier District lilikuwa mahali pa kuingia kwa kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 uliamua kuelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na ardhi nzuri, na hali ya hatari katika mkoa ule iliendelea kuwepo hadi mwaka 1991. Hakuna aliyeketi akapiga marufuku gofu Garissa. Ilitosha kwamba hakuna kilichopelekwa.

Matokeo yake mwalimu wangu wa kubuni si wa kubuni sana. Akitaka kadi tatu halali, anavuka daraja la Tana, anapita Madogo na Mwingi, na kuifuata barabara zaidi ya kilomita 300 hadi Thika inakoanzia. Hapo ndipo uwanja uliokadiriwa ulipo kwa njia hiyo. Kumwambia kwamba handikapu ni mfumo unaosawazisha watu wote ni kumwambia nusu ya ukweli. Unasawazisha waliofika. Mapigo 27 hupewa mtu akiwa tayari amesimama mahali pa kuanzia.

Wananchi wa Kaskazini Mashariki wanaijua tofauti hii kwa hesabu nyingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ilianzisha Mfuko wa Kusawazisha: nusu ya asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka 20, iende kwenye maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa mwanzoni. Walioiandika katiba hiyo walielewa kwamba kumpunguzia mtu alama za kuingilia chuo hakutoshi kama shule yake haina maji. Kuna kusawazisha wachezaji, na kuna kusawazisha viwanja. Handikapu hufanya la kwanza kwa ustadi mkubwa. La pili linabaki kuwa kazi yetu.

Msomaji ataniuliza: gofu, katika kaunti ambayo mifugo hufa kwa ukame? Swali ni halali, na jibu langu ni kwamba nyasi hazihitajiki. Dubai Country Club ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya mchanga mtupu, miaka mingi kabla ya uwanja wa kwanza wa nyasi katika Ghuba, uliofunguliwa Dubai mwaka 1988. Muscat pia ilikuwa na viwanja vya mchanga. Mchezaji alitembea na kipande cha zulia la nyasi bandia; mpira ukitua mahali pazuri, anauweka juu ya zulia, anapiga, anaokota zulia lake, anakwenda. Panapozunguka shimo, mchanga huchanganywa na mafuta kidogo ili upepo usiupeperushe, hushindiliwa kwa rola, na mchezaji husawazisha alama za miguu kwa reki kabla ya kusukuma mpira. Afrika Mashariki yenyewe iliwahi kuwa na sehemu nyingi za namna hiyo, zilizoitwa "brauni" kwa rangi yake. Kando ya Tana nisingependa kuona mafuta machafu ya gari yakimwagwa ardhini, kwa kuwa kila mafuriko huyapeleka mtoni. Zulia bandia lingefaa huko pia.

Ardhi ya Garissa ni tambarare na ngumu. Mathenge, kile kichaka cha miiba kilichovamia malisho, kingeng'olewa kwenye njia ya mpira na kuachwa pembeni kikafanya kazi ya rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni, na hakuna mchezaji ambaye angetamani kuufuata mpira humo. Nyayo za ngamia? Klabu ya Jinja, Uganda, imejulikana kwa sheria ya mahali inayomruhusu mchezaji kuhamisha mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko. Sheria za gofu huruhusu mazingira yazungumze. Jua kali linataka raundi ianze baada ya swala ya alfajiri na kwisha kabla ya saa nne.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia. Tangu marekebisho ya mwaka 2024, uwanja mfupi wa mashimo tisa unaweza kukadiriwa rasmi ukiwa na jumla ya yadi 750 tu, chini kidogo ya mita 700. Mashimo tisa ya yadi themanini themanini na kitu. Huo ni ukubwa wa eneo ambalo chuo au shule ya bweni inaweza kulitenga bila kukata mti mmoja wa maana. Kadi za mashimo tisa nazo hukubaliwa, na mfumo huzikamilisha kwa makadirio ya raundi nzima. Msichana wa kidato cha pili Garissa angeweza kupata fahirisi halali kwa raundi sita za asubuhi, akashindana nayo Thika, Nyali, au kwenye viwanja vya umma vya Minneapolis ambako jamaa zake wengi wanaishi, bila mtu kumuuliza aliipata wapi.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito. Wazazi wengi wa kwetu wanauona mchezo huu kama sehemu ya baa na kamari. Katika klabu nyingi ndivyo ulivyofungashwa. Lakini hakuna kanuni ya handikapu inayohitaji dau, na hakuna sheria ya gofu inayotaja kaunta. Uwanja wa shule usio na vyote viwili ungekuwa halali mbele ya R&A sawasawa na ule wa klabu ya kifahari.

Ombi langu basi ni dogo na linaelekezwa mahali pake. Idara za michezo za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zitenge kipande kimoja kila moja, na viongozi wa gofu wa taifa wapeleke wakadiriaji. Kazi ya kukadiria mashimo tisa mafupi haichukui siku nyingi. Na wewe msomaji uliyeko Nairobi au Thika, ambaye tayari unacheza: jiandikishe kwenye klabu, leta kila kadi, nzuri na mbaya, na umchukue kijana mmoja kutoka nyumbani aandamane nawe kama shahidi wako.